Yowe la Jumapili

Lameck alikuwa fundi simu, na ukimsikiliza yeye, fundi simu ndiye tabibu pekee mjini Bunda asiyemwambia mtu kwamba mgonjwa wake haponi. Simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya dagaa, simu iliyokanyagwa na ng'ombe, simu iliyopotea wiki nzima ndani ya gunia la pamba, zote alizipokea kwa uso uleule na jibu lilelile: iache hapo, pita jioni. Mtu wa namna hiyo akikutana na kitu kisichotengenezeka huteseka kuliko sisi wengine tuliozoea kushindwa. Na Lameck alikuwa amekutana nacho nyumbani kwa mama yake.

Kitu chenyewe kilikuwa mgongo wa Samwel, mdogo wake wa mwisho. Msimu wa pamba wa mwaka jana Samwel alikuwa mpakiaji wa malori. Siku moja akiwa juu kabisa ya mzigo, anavuta kamba ili aifunge, kamba ikakatika, akaanguka chali. Alipozinduka hospitalini alikuwa na kila kitu isipokuwa miguu. Ilikuwepo, akiiona, lakini haikuwa yake tena. Wakamrudisha kwa mama yao, Nyangi, kijijini nje kidogo ya Butiama, wakamlaza kwenye chumba kinachotazama njia. Jambo la kwanza aliloomba ni dirisha lifungwe. La pili, mtu yeyote asiingie kumwona. Mwikwabe, rafiki yake waliyekuwa wote juu ya lori siku ile, alikuja mara nne, na mara zote nne aliishia mlangoni.

Halafu Samwel akaanza kuacha kula. Hakutangaza, hakugombana na mtu. Sahani ilikwenda, sahani ikarudi. Mama Nyangi alibembeleza, akalia, akafoka, akaleta mchungaji, mchungaji akasali huku Samwel akitazama mabati. Ilikuwa siku moja tu kwa wiki ambayo sahani ilirudi tupu, nayo ilikuwa Jumapili, kwa sababu Jumapili kulikuwa na mchezo.

Mchezo huo Lameck aliupata alipokuwa chuo cha ufundi Mwanza, kwa mwenzake wa bwenini aliyekuwa na kanuni zake ndani ya simu. Kuueleza si kazi. Mmoja ni msimulizi. Anawaambia wenzake wako wapi na mbele yao kuna nini. Waliobaki kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi, anasema anafanya nini, kisha dadu inarushwa kuamua kama ameweza au ameumbuka. Wenye nazo huucheza kwa ramani za rangi, sanamu ndogo za mezani na muziki wa kulipia. Lameck alikuwa na dadu mbili za ludo na bando la simu. Kila Jumapili saa tisa alasiri alifunga kibanda chake nyuma ya stendi, akawapigia watatu kwa pamoja: Esther, karani wa Musoma mjini, Marcelina, muuza samaki wa kukaanga kivukoni Kisorya, na Samwel. Esther alikuwa mganga, Marcelina mwizi wa mitumbwi. Samwel alikuwa Mkimbiaji, yule anayepeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa miguu. Alijichagulia mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Kwa miezi mingi mchezo ulimshika. Mama Nyangi alisimulia kwamba Jumapili ukipita nje utadhani chumbani kuna watu watano. Akimaliza kucheza anakula, na ugali ule wa Jumapili ndio uliomsukuma Jumatatu na Jumanne. Jumatano anakunywa chai. Alhamisi hata chai anaiacha ipoe.

Sasa Alhamisi moja mwezi wa saba Samwel akampigia kaka yake, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kaka, mimi Jumapili hii naenda kumalizia mchezo," alisema. "Zamani ulikuwaga unasema tumefika mtoni, naona mto. Siku hizi naona mabati tu. Misumari yake nimeshaihesabu, iko mia na kumi na mbili. Nasikia wewe uko kibandani unatikisa kopo lako la mvua."

Lameck akamuuliza, na kula?

"Na kula nako," Samwel akasema, kisha akakata.

Hakikuwa kitisho. Angetishia, Lameck angepumua, maana anayetishia bado anataka kitu. Aliongea kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Fundi wetu akabaki ameshika simu ya mteja iliyofunguliwa matumbo, asijue bisibisi ameiweka wapi, na ilikuwa mkononi mwake.

Alikuwa na siku tatu. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye watu walisema mengi juu ya akili ya Lameck: hakuwa anacheza. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na saba aliyeamini kwamba mdogo wake akiona kitu kingine zaidi ya mabati, hata kwa dakika kumi, atakula. Na asipoona, wiki mbili haziishi watakuwa wanamzika. Mama yake aliamini hivyohivyo. Na mimi sijaona aliyewaonyesha njia nyingine.

Akaanza na alichokuwa nacho. Mvua yake ilikuwa kopo la maziwa lenye mbegu za pamba. Kosa lake, aligundua, ni kulitikisa. Akalilaza kwenye goti akaliviringisha polepole, na mvua ikaja kutoka mbali. Kinasa sauti cha simu akakivalisha soksi ili kisichukue kelele za stendi. Kwato za ng'ombe alizipiga kwa vikombe viwili vya plastiki juu ya kiroba cha mchanga. Ramani akaichora kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akailowesha kwa chai ya rangi mpaka ikazeeka miaka mia, akaipiga picha na kuwatumia wote. Marcelina akaombwa siku hiyo akae mbali na karai, maana mara nyingi walikuwa katikati ya msitu wa hatari ukasikia mtu anaagiza sato na ndimu.

Ijumaa akampa kondakta wa basi la Butiama kifurushi. Ndani mlikuwa na spika mbili alizozing'oa kwenye redio mbovu na kuzifunga ndani ya makopo ya rangi, waya wa kuziunganisha na simu ya Samwel, na barua kwa mama yake. Spika moja iwe chini ya kitanda, nyingine kichwani, ili sauti imzunguke Samwel badala ya kumjia sikioni kama umbea. Dirisha libaki limefungwa, juu yake litundikwe blanketi. Pembeni ya mto awekewe sahani ya udongo mkavu, na akisikia Lameck anataja mawingu aunyunyizie maji, ili chumba kinuke mvua ya kwanza. Hadithi ikifika zizini, aweke kipande cha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kwenye makaa. Mama Nyangi aliisoma barua ile kama anavyosoma karatasi ya dawa, mara tatu kutwa.

Kikabaki kitu kimoja. Katika hadithi, wezi wangevamia zizi la kijiji, na Mkimbiaji angelazimika kukimbia usiku kucha kuwahi kijiji cha pili. Hapo ndipo Samwel angeona, Lameck alijiambia, hapo au basi tena. Lakini uvamizi wa ng'ombe bila yowe ni sawa na harusi bila bibi harusi, na yowe huwezi kulitengeneza kwa kopo.

Wasioujua mkoa wetu waelewe: yowe lina sheria zake. Likipigwa, kila mwanaume anatoka na alichoshika, na aliyelisikia analipokea kwa sauti yake ili wa mbele alisikie. Wakishakutana wanahesabiwa nyumba kwa nyumba, na ambaye hakutoka ataeleza mbele ya mkutano. Anayelipiga bure anatozwa mbuzi na kusemwa mbele za watu mpaka atamani ardhi ipasuke. Angelipiga kibandani kwake, Bunda nzima ingehamia stendi.

Ndipo akamkumbuka Mzee Makoye, mlinzi wa ghala la pamba. Jumamosi mchana akaenda, akamwamkia, akamweleza haja yake bila kumficha kitu. Mzee alikuwa amepiga yowe mara nyingi ujanani na kwa sababu za kweli. Alisikiliza, akakuna shingo. Kisha akamwongoza ndani, katikati ya marobota yaliyopangwa hadi karibu na paa, penye upenyo wa watu wawili kusimama. Ukiongea humo sauti inakufia mdomoni. Studio za redio za mjini hazina ukuta mzuri kama ule.

"Nitakupigia kwa sababu ya huyo mgonjwa," Makoye alisema. "Lakini hiki kitu sio cha kuchezea, kijana. Mtu akilisikia, mwili unatangulia, akili inakujaga nyuma."

Lameck akasema ameelewa. Mzee akavua kofia, akaweka kiganja mdomoni, akalitoa. Lameck alisimama hatua mbili kutoka kwake, anajua ni la uongo, simu iko mkononi mwake mwenyewe inanasa, na bado miguu yake ilishageuka kuelekea mlangoni. Alitoka ghalani anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Maneno ya mzee yalikuwa yameingia sikio moja na kutokea la pili.

Jumapili saa tisa ikafika. Lameck alijifungia kibandani, akajaza blanketi kwenye upenyo wa mlango, jasho likimtiririka. Akaanza kwa sauti ya chini, bila salamu zile za kila siku. Mawingu yanakusanyika upande wa ziwa. Akaliviringisha kopo gotini. Kwa mbali, ndani ya simu, akasikia mama yake ananyunyiza maji. Esther akasema anachuma dawa kabla mvua haijamkuta. Marcelina akasema anaficha mtumbwi. Mkimbiaji anafanya nini?

"Amekaa," Samwel akasema.

Lameck akajikaza. Akaleta jioni ya kijijini, ng'ombe wakirudi, vikombe vikigonga mchangani. Akataja moto wa zizi, na baada ya muda mfupi akamsikia mama yake anakohoa. Kisha Samwel akauliza, kwa sauti ambayo kaka yake hakuwa ameisikia kwa wiki nyingi.

"Upepo unatoka wapi?"

Lameck nusura aangushe kopo. Mtu anayetazama mabati hana haja ya kuuliza upepo. Akamjibu kwamba unatoka mlimani, unaleta harufu ya watu wasio wa pale. Samwel akasema Mkimbiaji anasimama, anakwenda kwenye uzio kutazama. Dadu ikarushwa, ikatoa sita. Amewaona: vivuli vinane, wamefungua lango la zizi.

Wakati huo ndani ya simu ukasikika mlio wa ubao, kitu kizito kikisogezwa. Ni mama Nyangi. Moshi wa kinyesi ulikuwa umemzidi, macho yanatoka machozi, akashusha blanketi na kufungua dirisha. Lameck aliusikia mlio ule, na Mungu amsamehe, aliufurahia. Alidhani umekaa vizuri kwenye hadithi, kama lango linalofunguliwa. Akabonyeza yowe la Makoye kwenye simu ya pili, kwa sauti ndogo ya kutosha kinasa tu.

Lilitoka kwenye makopo mawili ya rangi kwa nguvu zote alizozifunga humo fundi aliyetaka mdogo wake asikie vizuri. Likajaza chumba, likatoka dirishani.

Lameck akasubiri Samwel aseme Mkimbiaji anafanya nini. Badala yake kikasikika kishindo, kizito, kama gunia linaloshushwa vibaya, na sahani ikavunjika, na mama yake akaita jina la Samwel. Lameck akaita, mama, kuna nini? Mama hakuwa na muda na simu. Na hapo Lameck akasikia yowe la pili.

Halikuwa la Makoye. Lilikuwa la mtu aliye hai, nje ya dirisha, analipokea. Kisha la tatu, mbali kidogo, na la nne, mbali zaidi, likienda kilima hadi kilima, na kila moja likizidi kufifia kwenye simu ya mtu aliyekuwa Bunda, saa nzima na zaidi kwa gari, hana anachoweza kukirudisha. Esther alikuwa anauliza kama hii nayo ni sehemu ya mchezo. Lameck akamwambia anyamaze, na hakuwahi kumwambia hivyo kabla.

Miguu ikaja. Kwanza ya wachache, kisha mingi, na vyuma vinagongana. Watu wakauliza ni wapi, ni nani, wamepita upande gani. Mlango wa nyumba ile, uliokaa karibu mwaka mzima bila kupitisha mgeni isipokuwa mchungaji, ukasukumwa bila hodi. Lameck alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kitu pekee alichoomba Samwel tangu aanguke ni asionekane, na sasa kijiji kizima kilikuwa kimesimama juu yake, na yeye yuko sakafuni, na aliyefanya hivyo ni kaka yake.

Wakaulizana nani amepiga yowe. Mama Nyangi akajaribu kueleza, simu, mchezo, Lameck, maneno yanamkimbia. Mmoja wa wazee akakasirika wazi. Ameacha maziwa yanachemka, wajukuu wako peke yao, kwa ajili ya simu? Wengine wakanung'unika. Ndipo akasikika Mwikwabe, anahema, yuko karibu sana na simu iliyoanguka sakafuni pamoja na Samwel, maana yake amepiga magoti.

"Samwel, umeangukaje?"



"Nilisikia yowe," Samwel akasema. "Nikasahau."

Kisha akalia. Hakuwa amelia hospitalini, wala alipoelezwa habari ya mgongo, wala siku walipomshusha kwenye gari kama mzigo. Sasa alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisichojua aibu, na simu ikakibeba chote hadi Musoma na Kisorya na Bunda. Marcelina naye akaanza kulia kivukoni kwake. Lameck alikuwa amepata alichokitafuta. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja mdogo wake alikuwa ameyasahau mabati, na kitanda, na miguu, akanyanyuka kama mwanaume yeyote wa kijiji kile. Hakuna msimulizi mwenye sanamu na muziki wa kulipia aliyewahi kumfikisha mchezaji mbali hivyo. Lameck alitamani angekatwa ulimi kabla.

Yale manung'uniko chumbani yalikuwa yamekwisha. Yule mzee wa maziwa alikohoa, akasema kwamba sheria ni sheria, yowe limepigwa, basi watu wahesabiwe, na Lameck ataletewa wito wa mbuzi wake. Akaanza kuhesabu, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, na kila aliyetajwa akaitika. Alipofika kwenye nyumba ile aliyosimama ndani yake, akairuka, kama walivyozoea kuiruka karibu mwaka mzima.

"Hujamtaja Samwel," Mwikwabe akasema.

Mzee akauliza amtajeje.

"Ametoka. Alikuwa kitandani, sasa yuko hapa. Andika ametoka."

Hakuna aliyecheka. Mzee akalitaja jina la Samwel kwa sauti ileile aliyowatajia wengine, akangoja. Lameck alisogeza simu sikioni mpaka ikamwumiza.

"Nipo," Samwel akasema.

Kwa kawaida ya pale, waliokimbilia yowe hawaondoki koo kavu, hata kama limepigwa na mjinga. Mama Nyangi alikuwa na uji wa asubuhi uliorudishwa. Akaupasha, akautia kwenye kikombe kikubwa, kikaanza kuzunguka kwa utaratibu wa hesabu ile. Lameck alikuwa anasikia: mtu anapokea, anameza, anapitisha. Mtu anapokea, anameza, anapitisha. Halafu ikasimama. Alijua kikombe kimefika wapi. Mama yake akamwambia Mwikwabe kwa sauti ya chini amshikie, amwekee mdomoni.

"Hapana," Samwel akasema. "Nitakishika mwenyewe."

Lameck alibana pumzi gizani mwa kibanda chake, kopo la mbegu likiwa bado gotini. Kumeza kwa mtu mmoja hakuna kelele kubwa, na wakati huohuo basi lilikuwa linapiga honi stendi. Lakini alisikia. Ilikuwa mara moja, kisha mara ya pili, kisha kikombe kikapita kwa mwingine.